Kosa Huacha Alama: Maneno kwa Vijana wa Lubumbashi Wanaofungua Saa

Jambo yenu, wapapa na wamama. Jambo yenu vijana, na hasa ninyi mliokuja na saa mfukoni mmeifunga kwenye kitambaa. Nimewaona mlangoni. Hizo saa tutazifikia, ila kwanza nipeni masikio.

Nimeombwa niseme juu ya makosa ya mtu anayeanza kufungua saa kwa kupenda tu, bila kuwa fundi wa kazi. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu jambo hili limekua katika mji wetu. Kijana ananunua saa kuukuu pale soko la Kenya, hapa hapa mjini kwetu, au anamwagiza mfanyabiashara anayesafiri Dubai amletee mashine mpya, uso na mishale, kisha usiku nyumba ikitulia anakaa mezani na kujiundia saa yake. Mwingine anataka tu kufufua saa ya marehemu babu. Yote mawili ni mema. Kazi hii humzoesha mtu kusema kweli, maana saa haibembelezwi: ukiifunga vizuri itatembea, ukiifunga vibaya itasimama.

Neno langu la leo ni moja. Kosa unalofanya ndani ya saa linaacha alama, na alama hiyo husomeka. Anayeisoma halirudii. Anayefunga kifuniko upesi ili asiione, au anayeitupa saa nzima kwa hasira, amelipa ada na kutoka darasani kabla mwalimu hajaingia.

Tuanze na saa yenyewe. Karibu kila anayeanza hununua saa iliyokufa, kwa kuwa ni rahisi. Mimi nasema hapana. Tafuta saa ya kutia ufunguo, au ya otomatiki, ile inayojitia nguvu mkono ukitembea, ambayo bado inafanya kazi, hata kama kioo chake kimekwaruzika. Saa ikiwa ilitembea jana na leo baada ya mikono yako haitembei, unajua kosa limeingia wapi, na utalitafuta katika eneo dogo. Iliyokufa imeshabeba makosa ya mafundi waliokutangulia. La kwako likiongezeka humo, utalitofautishaje na ya wenzako?

Seiko 5 za zamani zenye mashine ya 7S26, iliyoanza kutumika mwaka 1996, bado ziko nyingi sokoni. Mashine ya NH35, ambayo wengi mnaiagiza kwa ajili ya kuunda saa zenu, ni ndugu yake: mdundo wake ni ule ule wa mipigo 21,600 kwa saa, yaani sita kila sekunde, ila hii inakubali kutiwa ufunguo kwa mkono na mshale wa sekunde husimama ukivuta kitufe cha pembeni. Ya Miyota, ile 8215, nayo inafaa. Hizi zote zimetengenezwa kwa wingi, vipuri vyake hupatikana, na ukiharibu sana unaweza kununua mashine nyingine nzima. Saa ya babu iache kabatini. Itakungoja. Mwenyewe aliivaa miaka yote bila haraka.

Sasa tuingie ndani, kwenye skrubu. Chukua lupu, kile kioo cha jicho, uangalie saa yoyote iliyowahi kupita kwenye mikono michanga. Utaona mistari inayong'aa ikitoka kwenye kichwa cha skrubu na kukimbia juu ya bamba. Hapo bisibisi iliteleza. Sasa soma zaidi. Mfereji wa skrubu ukiwa umetanuka pembezoni na kati ni mzima, bisibisi ilikuwa nyembamba mno. Bamba likiwa limechunwa duara kuizunguka skrubu, bisibisi ilikuwa pana kupita kichwa. Na kama ncha imeruka ikaacha alama moja ndefu, mara nyingi mkono ulisukuma pembeni badala ya kukandamiza wima, au ncha yenyewe ilikuwa butu. Alama tatu, sababu tatu, dawa tatu. Mtu akisema tu "skrubu imeharibika" hajajifunza kitu.

Kuna na kosa la kukaza kupita kiasi. Skrubu ni ya chuma cha pua au chuma kigumu. Bamba inaposhika ni la shaba iliyochanganywa na zinki. Sisi watu wa mji wa shaba hatuna haja ya kufundishwa kwamba shaba ni laini. Ukilazimisha, nyuzi za tundu zinakatika, na skrubu itazunguka bila kushika milele. Kaza mpaka ikatae kwa upole, acha. Na ukikuta skrubu kwenye gurudumu la kutilia ufunguo imegoma kufunguka, hasa yenye mistari mitatu kichwani, simama kabla hujaongeza nguvu. Mara nyingi nyuzi zake ni za kinyume, na hapo unapodhani unafungua, ndivyo unavyozidi kukaza hadi kichwa kinakatika.

Nitakaa kidogo juu ya kamani, ile springi iliyojikunja ndani ya saa, kwa sababu hapo ndipo saa nyingi za wanafunzi zinapofia.

Kamani ndiyo nguvu yote ya saa. Za kisasa ni mchanganyiko wa kobalti, nikeli na kromu, na kobalti hamhitaji kuelezwa inatoka wapi. Za zamani zilikuwa za chuma tupu, zilishika kutu na kukatika. Ikiwa imejaa, kamani inasukuma magurudumu yote, na kinachoyazuia yasikimbie ni nanga tu, kile kipande chenye mikono miwili ya rubi, yaani vijiwe vigumu, kinachoruhusu jino moja moja lipite. Sasa anakuja mwanafunzi, anafungua daraja la nanga, kibamba kinachoishikilia, akiwa hajaipunguza kamani nguvu.

Binti mmoja wa Katuba alifanya hivyo mezani kwangu. Tulisikia mlio mkali, mfupi kuliko pumzi moja, kisha kimya. Magurudumu yalikuwa yamekimbia bila breki mpaka kamani ikaisha. Aliifunga tena saa kwa uangalifu mkubwa, ikatembea kidogo, ikasimama. Akaitikisa, ikatembea, ikasimama. Wengi hapo wangesema mashine ni mbovu. Yeye aliweka gurudumu la mwisho, lile linalogusana na nanga, chini ya lupu juu ya karatasi nyeupe, akaligeuza polepole kwa koleo ndogo. Upande mmoja ncha ya mhimili ilikuwa nzima, inang'aa. Upande wa pili ilikuwa imekatika, na pale ilipokatika palikuwa na kijivu kisichong'aa. Ncha hizo unene wake unakaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Alilichora gurudumu lile kwenye daftari lake, akaandika kilichotokea kabla yake na mlio aliousikia, akalibandika lenyewe kando kwa utepe. Leo mtu akimletea saa inayotembea na kusimama, anajua moja ya sehemu za kwanza kutazama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wazee walisema, na yule binti ni mhunzi kweli.

Dawa yake ni ndogo. Kabla hujagusa nanga, kwenye saa inayotiwa ufunguo kwa mkono, shika kitufe cha pembeni kwa vidole viwili, sogeza kile kijino kinachozuia gurudumu la kamani lisirudi nyuma, kisha acha kitufe kizunguke kidogo kidogo vidoleni mpaka nguvu iishe. Usikiachie ghafla. Halafu hakikisha: gusa nanga kwa ncha laini. Ikiruka upande wa pili yenyewe, nguvu bado ipo. Ikilegea tu, endelea.

Juu ya ile kamani nyembamba inayopumua kwenye gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku, maneno yangu ni machache: usiiguse. Lakini kabla hujailaumu mikono yako, soma dalili. Saa iliyoanza ghafla kukimbia, ikipata dakika nyingi kwa siku, huenda haijapindwa chochote. Imeshika sumaku. Mizunguko ya ile kamani inavutana na kugandana, urefu unaofanya kazi unapungua, na saa inakimbia. Tuliizungushia sumaku sisi wenyewe: spika ya redio, vifungo vya mkoba, kifuniko cha simu. Weka saa karibu na dira. Sindano ikicheza, umepata jibu, na kifaa cha kuondoa sumaku kinamaliza shida kwa muda mfupi sana. Nasikitika nikiona kijana amekwishaikunjua kamani nzima kwa koleo kwa ajili ya ugonjwa huo. Mafuta yakimwagikia mizunguko hiyo nayo yanaigandisha, na dalili inafanana. Kwa hiyo angalia na kama inang'aa kwa unyevu.

Hapo tumefika kwenye mafuta na usafi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mafuta ya cherehani yabaki kwenye cherehani. Ya kunyunyizia kwenye bawaba za mlango yabaki mlangoni. Saa ina mafuta yake, mepesi kwa magurudumu yanayokimbia, mazito kwa yanayokwenda polepole, na grisi kwa kamani na sehemu zinazosuguana kwa nguvu. Tone linalotakiwa kwenye rubi ni dogo kiasi kwamba bila lupu hulioni, na likizidi halikai mahali pake: linatambaa, linaacha tundu kavu. Ndiyo maana saa iliyojazwa mafuta huchakaa kama isiyotiwa kabisa. Ncha za mhimili wa nanga, katika saa za kawaida, hazitiwi mafuta hata kidogo. Yanatiwa kwenye uso wa zile rubi mbili zinazopokea meno.

Na spiriti? Wengi mnaosha kila kitu kwa alkoholi kwa kuwa inakauka upesi na duka la dawa lina chupa. Rubi za nanga zimegandishwa kwa sheleki, gundi inayotokana na mdudu, na rubi ndogo iliyo chini ya gurudumu la mizani pia. Alkoholi inaiyeyusha sheleki. Ukilaza nanga humo ukaenda kula bukari, unaweza kurudi ukakuta rubi imelegea au imehama mahali pake. Alama ya kosa hili mara nyingi huwezi kuiona kwa macho. Unaiona kwenye simu, kwa zile programu zinazosikiliza mdundo wa saa kupitia maikrofoni: mdundo ulikuwa safi jana, leo umechafuka.

Vumbi letu mnalijua. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua karibu hakuna, na vumbi jekundu linapita hata dirisha likiwa limefungwa. Funika kila kitu kwa bakuli la kioo unapoinuka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usimalizie kwa mwanga wa simu. Funika, nenda kalale. Na vile visipringi vinavyoshika rubi za mizani, ambavyo kwenye Seiko ni vidogo kuliko mbegu ya ufuta, vifungue ukiwa umeingiza mashine na mikono ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Kikiruka, kitakuwa mfukoni.

Sasa wale wa kubadilisha sura ya saa, nawajua mko wengi kuliko wa kutengeneza. Mnaagiza vipande kutoka sehemu mbalimbali, mnaviunganisha, na mshale wa sekunde unadondoka baada ya siku mbili. Mnalaumu muuzaji. Pimeni kwanza. NH35 inataka mishale yenye matundu ya milimita 1.50 kwa saa, 0.90 kwa dakika na 0.20 kwa sekunde. Mishale iliyotengenezwa kwa mashine ya Uswisi, ETA 2824, ni 1.50, 0.90 na 0.25. Mbili za kwanza zinaingia vizuri kabisa, ndiyo maana unadanganyika. Ya tatu ina pengo la nusu ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na pengo hilo ndilo mshale uliodondoka. Uso nao una miguu miwili kwa nyuma, na nafasi ya miguu hiyo inategemea kama kitufe cha pembeni kiko kwenye namba tatu ya uso au karibu na namba nne. Nimeona mtu akikata miguu na kubandika uso kwa gundi. Akija kuufungua siku nyingine, uso utapinda. Ulizia kabla ya kuagiza, kwa sababu mzigo ukishafika hapa umepita nchi nyingi na hakuna wa kuurudisha.

Mishale ikiwa imekaa lakini tarehe inageuka saa nane ya usiku, au mchana watu wakila, kosa ni la mpangilio. Zungusha kwanza bila mishale mpaka tarehe iruke, simama hapo hapo, ndipo uweke mshale wa saa na wa dakika vyote vikitazama juu kwenye kumi na mbili. Hiyo ndiyo saa sita ya usiku ya mashine. Na usibadilishe tarehe kwa njia ya haraka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, maana meno ya tarehe yameshashikana na yatakatika.

Hapa nina neno la moyoni. Kuunda saa yako kwa vipande unavyovipenda ni sanaa. Kuweka uso wenye jina la kampuni kubwa ya Uswisi juu ya mashine ya Japani, kisha kumuuzia papa wa watu kwa bei ya ile kubwa, ni wizi. Nawaomba msiingie humo. Acheni uso bila jina, au muandike majina yenu.

Nimesema kosa husomeka. Lipo moja ambalo hamtakiwi kulisoma kwa kulifanya, na linatuhusu sisi kuliko watu wengi duniani.

Saa za kabla ya miaka ya 1970, zile zenye namba na mishale iliyopakwa rangi ya kung'aa gizani, nyingi zilipakwa radiumu, madini yanayotoa mionzi. Na radiumu hiyo, sehemu kubwa ya iliyouzwa duniani miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, ilitoka kwenye mawe ya mgodi wa Shinkolobwe, huku karibu na Likasi. Mawe yaligunduliwa mwaka 1915, yakapelekwa Ubelgiji, na kuanzia 1922 kiwanda cha Olen kikawa kinatoa radiumu yake. Tumezoea kusikia jina la Shinkolobwe pamoja na bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Kabla ya bomu ilikuwa tayari imefika kwenye mikono ya watu, kwenye nyuso za saa.

Wanawake wa viwandani New Jersey, Marekani, walipaka nyuso za saa kwa radiumu wakinyoosha brashi kwa midomo, kwa kuwa waliambiwa haina madhara. Taya zao zilioza, wengi walikufa. Mwaka 1927 baadhi yao walikishtaki kiwanda.

Mwanafunzi wa leo anakosea hivi: anaona saa ya zamani, rangi ya namba imegeuka kahawia, haing'ai tena gizani, anasema imekwisha nguvu. Anaikwangua kwa kisu ili apake mpya, anapuliza vumbi. Kilichokwisha ni ile zinki inayotoa mwanga. Radiumu yenyewe inapungua nusu baada ya miaka 1,600. Kwa hesabu hiyo saa ya mwaka 1940 bado ina karibu nguvu yake yote. Ikiwa nje, nyuma ya kioo kilichofungwa, haifanani na vumbi lake likiingia kifuani na kubaki humo. Kosa hili halina alama ya kusoma kwa lupu. Alama yake inakuja baada ya miaka, mwilini. Kwa hiyo saa ya zamani yenye rangi ya kahawia kwenye namba: usiifungue, usiikwangue, usiilaze karibu na kitanda, usimpe mtoto aichezee. Baadhi ya saa za baadaye zina herufi T chini ya namba sita, hiyo ni tritiumu, ambayo hupungua upesi zaidi, lakini nayo msiikwangue.

Kwa mengine yote, ninachowaomba ni daftari na simu. Piga picha kabla ya kila skrubu, ukiwa umeandika tarehe na hali: inatembea, inapoteza kiasi gani, inapata kiasi gani. Kiwanda chenyewe kinakubali NH35 ipoteze mpaka sekunde 20 au ipate mpaka 40 kwa siku, hivyo usijisumbue kuwinda ukamilifu usioahidiwa. Kipande kilichovunjika kibandike kwenye ukurasa wake. Na ninyi wakubwa zetu mnaokaa barabarani na visanduku vya vioo, mliotengeneza saa za baba zetu, nawaomba mbele ya watu: mwonyesheni kijana vipande vilivyowavunjikia. Mmezoea kumwonyesha saa iliyopona tu, na kwenye hiyo hakuna anachoweza kusoma.

Sasa tusogee mezani. Wenye saa za kahawia zibaki mfukoni, nitaziangalia moja moja kwa nje mwishoni. Wengine chukueni bisibisi ya milimita 1.20 na lupu, kaeni wawili wawili. Mashine zilizo mbele yenu zote zinatembea, sikilizeni kwanza. Tutalegeza kamani, tutafungua skrubu moja, tutairudisha, na kila mmoja ataangalia kichwa cha skrubu ya mwenzake na kumwambia alichokiona.